Sikuandamana, nilikuwa Zakayo

Kwanza niseme hivi, mimi sikuandamana. Wale mmeona ile video ya sekunde 14 kwa stetasi ya yule rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani (nilidhani ni rafiki), ile kaandika "mwalimu wa Sande skuli aongoza maandamano uchi", hebu tulieni. Sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta ya mpira, ya bluu, ina tundu nyuma ndio, lakini tundu si uchi.

Jumapili ilikuwa zamu yangu na hadithi ilikuwa Zakayo, Luka 19. Sasa mimi watoto wa miaka minne mpaka saba siwasomei, ukiwasomea dakika ya tatu mmoja keshamvua mwenzake kiatu, hadithi lazima waione kwa macho. Zakayo alikuwa mfupi wa kimo na mimi nina futi tano na inchi mbili, kwa hivyo mjadala wa nani atapanda mti haukuwepo. Biblia inasema mkuyu. Sisi tuna mwembe, upande wa dirisha la madhabahu, na hilo dirisha mlikumbuke. Nikajifunga shuka ya mamangu, ile ya maua, ya wageni, fundo moja begani, nikawa Myahudi kamili.

Kabla sijapanda nikauliza, nani anamjua Zakayo? Mikono yote juu. Wakenya wenzangu, hapo ndipo ningefunga Biblia nikaenda zangu nyumbani. Si mnajua tangu kodi zipande 2023 hilo jina alipewa Rais Ruto, na Juni 2024 vijana walivyoliimba barabarani wakimwambia ashuke, lakini mimi nikajiambia mtoto wa miaka mitano ana habari gani. Mmoja akasema, "Ni yule wa kodi!" Nikampa peremende, kwani kakosea wapi, Zakayo si alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko? Mwingine akasema, "Mama anasema ndiye alipandisha unga." Huyo sikumpa.

Na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia, ndani siku hiyo kulikuwa na mgeni. Mheshimiwa, jina nabaki nalo, kaja na harambee ya mabati.

Basi nikapanda. Yesu alikuwa kijana wa miaka sita, tumefanya mazoezi wiki nzima, maneno yake ni haya tu: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Akafika chini ya mwembe, akaniangalia, akatia kidole mdomoni. Kimya. Nikamnong'oneza, "Zakayo..." Kimya. "Zakayo, shu..." Akaangalia viatu vyake. Na hapo ndipo nikasikia kitu kwa kifundo cha mguu.

Watu wa Pwani hamhitaji kuelezwa. Maji moto. Nyinyi wa bara, ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe wakajifanyia nyumba, na huyo hakuumi akakuacha, akishakutoboa anapamwagia na tindikali yake papo hapo. Wa kwanza kifundoni. Wa pili gotini. Kisha sijui ni nani kati yao alipuliza filimbi, maana walianza wote pamoja, ndani ya shuka, kuelekea juu. Nikashika tawi lingine nijishikilie, kumbe nimeshika mlango wa nyumba yao. Na bado niko kwenye igizo, natabasamu, mwalimu atalia vipi mbele ya watoto, nasema kwa katikati ya meno, "Yesu, sema, nakuomba, sema." Jamani sijawahi kuomba kwa moyo vile maisha yangu yote, na mwenyewe yuko pale chini na kidole mdomoni.

Kasichana kamoja kakamhurumia, kakamsaidia: "Zakayo shuka!" Wa pili akadakia. Halafu wote, watoto kama 30, na makofi, ule mdundo wanaousikia kwa tivi. Zakayo! Shuka! Zakayo! Shuka! Dirisha limefunguliwa lote sababu ya joto. Kinanda kikanyamaza. Nikamwona Mchungaji amefumba macho kama anang'olewa jino, na Mheshimiwa kasimama, maikrofoni mkono huu, bahasha mkono ule, mdomo wazi.

Nikasema igizo liishe, nikaanza kuteremka, fundo likanasa kwa kijiti. Kale kadogo kuliko wote kakapiga kelele, "Ticha, shuka!"

"Nashuka, mwanangu!"

"Siyo, ticha, SHUKA!"

"Si ndio nashuka!"

"SHUKA YAKO!"

Nikatazama juu. Maua ya mamangu yanapepea kama bendera na mimi niko tawi la chini, bukta na chungu.

Jamaa wa suti akatoka mbio, waya sikioni, tayari kwa waandamanaji. Akakuta wenye meno ya maziwa, na mtu mzima mmoja anajichapa mapaja. Akaniangalia sana.

"Wewe ndio Zakayo?"

"Mimi ndio, afande."

"Shuka."

Sikushuka, nilianguka.

Mengine ni machache. Mheshimiwa alitoa bahasha na hakungoja chai. Mchungaji kanitumia meseji moja, "Jumapili ijayo wachoreshe tu." Shuka iko mpaka leo huko juu, hakuna anayetaka kupanda, na mamangu anauliza kila siku.

Jioni nimelala kifudifudi, nimevimba, nikasikia hodi. Yesu, kaletwa na mamake, bado ana nguo za kanisani. Akasimama mlangoni, akatoa kidole mdomoni, akayasema yote bila kuruka hata neno, mpaka "kushinda nyumbani mwako." Akaingia, akakaa, akala chapati zangu tatu, na mamake akarudi kumchukua saa mbili usiku.