Mwanzi na Chuma Mwanza: Kila Kimoja Mahali Pake

Kuzalisha tani 1 ya chuma kipya hutoa takribani tani 2 za hewa ukaa. Mwanzi, kinyume chake, huivuta hewa hiyo unapokua, na hufaa kujengea ukiwa na miaka 3 hadi 5. Kwa hesabu hiyo wapo wanaoshauri nondo iondolewe hata ndani ya zege, zipangwe fito za mianzi. Hapo tunawapinga. Mwanzi mkavu hunywa maji ya zege bichi ukavimba. Baadaye hukauka na kusinyaa, ukaacha mwanya kati yake na zege. Tena hunyumbuka zaidi ya mara 10 ya nondo, hivyo boriti hupata nyufa pana kabla mwanzi haujaanza kubeba mzigo.

Paani mambo ni tofauti. Kenchi za mianzi, yaani fremu za pembetatu zinazoshika paa, hubeba mabati bila shida, na kwenye vilima vya mawe vya Igogo au Mabatini, ambako vifaa vingi hupandishwa kwa mabega, wepesi wake ni nafuu kubwa. Kinachoziangusha ni maungio. Mwanzi ni imara kwa urefu wake lakini hupasuka kirahisi kufuata nyuzi, kwa hiyo msumari ni adui. Toboa kwa drili karibu na fundo, pitisha boliti ya milimita 12 iliyopakwa zinki, kisha ujaze pingili iliyopitishwa boliti, yaani uwazi kati ya fundo na fundo, kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3. Maungio 60, kila moja likila sentimita 30 za boliti, ni mita 18 tu: hazifiki kilo 16, ukiacha nati na wosha. Kenchi za chuma za nyumba ya kawaida hula mamia ya kilo.

Wanaosita kutumia mwanzi nao wana hoja. Bungua, mdudu anayetoboa mwanzi na mbao, hufuata wanga uliomo, mchwa nao wapo. Paa likiliwa mapema likajengwa upya, nafuu ya hewa ukaa imeyeyuka. Dawa ni boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2 katika maji lita 100. Zibua mafundo kwa ndani kwa nondo ndefu, loweka siku 10 hadi 14, anika kivulini. Mvua huiosha dawa hii, kwa hiyo upenu uwe mpana, na nguzo ya mwanzi ikae juu ya kitako cha zege, sentimita 30 kutoka ardhini.

Usafiri ndio unaotutia shaka zaidi. Mianzi ya Iringa au Njombe hufika Mwanza kwa dizeli nyingi, na kwa kuwa ina uwazi ndani, lori hujaa kabla halijapata uzito. Bila mashamba ya karibu, tuseme Sengerema au Geita, hesabu hailipi vizuri.

Tahadhari moja ya ziwani: dhoruba hung'oa paa jepesi. Kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma ulioshikwa ndani ya linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na baada ya kiangazi cha kwanza nati zote zikazwe upya, maana mwanzi ukikauka huzilegeza.