Nafasi ya 17, Nafasi ya 25, na Maswali Mawili

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinijia ofisini na karatasi mbili mkononi: ripoti ya muhula uliopita na ya muhula huu, zote nimezichapa mimi. Alizilaza mezani sambamba, akaweka kidole kwenye kisanduku cha hisabati. Nafasi ya 17. Nafasi ya 25.

"Mwalimu, huyu ameshuka nafasi nane. Nyumbani nimeshamalizana naye. Sasa nimekuja kuwauliza ninyi, hapa shuleni mnamfanya nini?"

Nimeshamalizana naye. Mtoto mwenyewe alikuwa nje ya mlango, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, macho chini.

Nikaangalia alama, maana alama nazo zimo kwenye ripoti ingawa hakuna anayezisoma. Muhula uliopita 62, muhula huu 58. Mtihani wetu una maswali 50, kila swali alama 2. Yaani mara ya kwanza alipata 31, mara ya pili 29. Maswali mawili. Mtoto kamalizwa kwa maswali mawili, na shahidi mkuu wa upande wa mashtaka ni karatasi yenye sahihi yangu.

Hasira zangu si kwa yule mzee. Yeye amesoma alichoandikiwa, na aliyemwandikia ni mimi.

Darasa lile lina wanafunzi 50, wastani ni 58, na alama za walio wengi zimetawanyika kiasi cha 10 juu na chini ya wastani. Kule juu watoto wako mbalimbali, kila mmoja na uwanja wake. Pale katikati wamesongamana: kila alama moja ina kama watoto wawili, kwa hiyo swali moja tu ni sawa na kuruka au kurukwa na wanne. Anayeongoza kwa mbali anaweza kukosa maswali matatu zaidi akabaki wa kwanza, nyumbani akapikiwa. Wa katikati akikosa mawili anashuka nafasi nane. Kosa ni dogo kuliko la mwenzake, adhabu ni kubwa zaidi. Hiyo ndiyo hesabu tunayoituma nyumbani ndani ya bahasha, na muhuri juu.

Tena hata hizo alama nne zenyewe, nani kasema zipo?

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha anajua mtihani si mizani ya dhahabu. Mtoto huyohuyo, kwa akili ileile, ukimpa leo karatasi hii na kesho karatasi pacha yake, hatapata sawa. Kuna swali alilibahatisha, kuna swali alilolisoma vibaya, kuna mada iliyotoka ambayo jana yake alikuwa anaifanyia zoezi. Kuyumba huku kunapimika, na si elimu ya siri. Unakokotoa uthabiti wa mtihani, namba kati ya 0 na 1, ambapo 1 ingekuwa mtihani usioyumba kabisa (haupo). Wa kwetu nilipoukokotoa ulitoka 0.84, na kwa mtihani wa darasani hiyo si aibu hata kidogo. Sasa toa 0.84 kwenye 1, inabaki 0.16. Kipeuo chake cha pili ni 0.4. Zidisha na ule mtawanyiko wa 10, unapata 4. Maana yake, alama ya mtoto huyumba alama 4 kwenda juu au chini bila yeye kujua zaidi wala kupumbaa zaidi, na mara moja katika kila tatu huyumba hata kupita hapo. Na unapolinganisha mitihani miwili, alama zote mbili zinayumba, kwa hiyo kuyumba kwa tofauti kunafika karibu 5.7 (4 mara kipeuo cha pili cha 2).

Alishuka 4. Tofauti imo ndani ya mtikisiko wenyewe. Siwezi kusema mtoto ameshuka. Siwezi kusema hajashuka pia, na hapo ndipo watu wanapokasirika, kwa sababu ripoti yangu imesema kwa sauti kubwa kabisa, bila kupepesa macho: 25.

Na bado hatujagusa jambo la wazi kuliko yote, kwamba mtihani wa pili ulikuwa mtihani mwingine. Nani alipima kwamba ugumu ni uleule? Hakuna. Tulikaa watu wawili tukatunga maswali usiku kwa usiku.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: nafasi ina kazi yake. Kama kuna viti 20 na waombaji 200, lazima upange foleni, na foleni itamkata mtu kwa alama moja. Nakubali pia kwamba nafasi ndiyo lugha pekee kwenye ripoti ambayo kila mzazi anaielewa bila mkalimani. Lakini hapa hakuna kiti kinachogombewa. Tunapanga foleni isiyoelekea mlangoni.

Upande wa kuzitengeneza hizi ripoti, ambao wazazi hawauoni, ni vizuri wasiuone. Ni mimi, kompyuta moja, Excel, na printa inayomeza karatasi mbili mbili. Mwaka mmoja nilipanga safu ya majina kwa alfabeti nikasahau kuburuta safu za alama pamoja nayo. Ripoti 50 zikatoka safi, zimenyooka, kila mtoto na alama za mwenzake. Ilichukua siku mbili kugundulika, na aliyegundua ni mtoto aliyeonewa. Waliopendelewa walikaa kimya, na wala siwalaumu. Mwaka mwingine mgonjwa aliyekosa mtihani mmoja aliandikiwa 0 badala ya kuachiwa kisanduku kitupu, wastani wake ukaporomoka. Kisanduku kitupu kompyuta inakiruka, sifuri inaihesabu. Tofauti ya kuugua na kutojua chochote ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. (Na ndiyo, wawili wakifungana nafasi ya 3 anayefuata ni wa 5. Kila muhula kuna mzazi anayemtafuta wa 4 kama mtu aliyepotea.)

Siku hizi nachukua ripoti tano bila kuchagua, nazilinganisha na karatasi za mtihani zenyewe kabla sijachapa nyingine. Dakika kumi. Sielewi kwa nini si sheria.

Kuna jipya limeingia, mchanganuo wa mada. Jiometri asilimia 40, aljebra asilimia 70, pamoja na vijiti vya rangi. Unapendeza, mzazi anaona sayansi. Jiometri ina maswali matano! Asilimia 40 ni maswali mawili, na angebahatisha moja zaidi ungesoma 60. Wanasaikolojia Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha mwaka 1910 kanuni inayoonyesha uthabiti unavyobadilika mtihani ukirefushwa au kufupishwa. Ukiufupisha wa kwetu kutoka maswali 50 hadi matano, ile 0.84 inakuwa kama 0.34. Kwa msingi huo kuna mtoto anaambiwa hana kipaji cha jiometri. Zaidi ya miaka mia imepita.

Kuhusu asilimia na nafasi ya asilimia, yaani kupata 70 kwa 100 na kuwapita 70 kati ya kila 100: vitu viwili tofauti. Atakayeviweka safu jirani bila maelezo apigwe faini.

Halafu maoni ya mwalimu. "Ongeza bidii." Nimeyaandika mimi hayo, mara nyingi kuliko jina langu. Kusema kweli siyaandiki, nayanakili kutoka kisanduku cha juu kwenda chini. Bidii ipi? Kwenye nini? Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti wake: wanafunzi waliopewa maoni peke yake juu ya kazi zao waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama peke yake, na kuliko waliopewa alama pamoja na maoni. Namba ikikaa kando ya maneno, maneno hayasomwi. Nikifikiria zile saa nilizotumia kuandika maoni ya maana chini ya nafasi ya 41, nataka kulia.

Turudi kwa mzee. Nilimwambia, "Mzee wangu, kaa kwanza," nikatoa karatasi mbili za mtihani wa mtoto, tukazipitia swali kwa swali. Kwenye ile ya pili, katika maswali aliyokosa, saba yalikuwa ya kujumlisha sehemu, kama 1/2 + 1/3, na yote saba kosa ni lilelile: anajumlisha asili na asili, kiasi na kiasi. Nikaifungua ile ya kwanza. Kosa hilohilo, mara sita. Alipokuwa wa 17 tatizo lilikuwepo, na hakuna aliyeliona kwa sababu nafasi ilikuwa nzuri. Mzee alikaa kimya, kisha akafungua mlango akamwita mtoto ndani. Sijui walichozungumza njiani.

Nikaenda nikaifuta safu ya nafasi. Baada ya siku tatu nikaambiwa niirudishe, wazazi wameiulizia. Nimeirudisha. Ila pale kwenye alama, badala ya 58, sasa naandika 54 hadi 62, na chini yake sentensi moja ya kosa ambalo mtoto analirudia. Si ugunduzi wangu. Hata ripoti ya SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu Marekani, huweka masafa ya namna hiyo kando ya alama.

Jana simu ya kwanza imeingia. Mama mmoja, kwa upole lakini kwa mshangao: "Mwalimu shikamoo, hii 54 hadi 62 ndiyo maksi gani? Ina maana huna uhakika?"

Nikamwambia marahaba mama, ndiyo, sina. Akauliza basi yuko wa ngapi.