Kilomita za Ndege

Mjomba alipoitisha kikao cha kwenda kumposea mdogo wangu Mbagala, mimi nilipewa kazi ya kupanga safari kwa sababu moja tu: nina simu kubwa. Nikafungua ramani, nikagusa Mtwara, nikagusa Dar es Salaam, ukachomoza mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kilomita 400! Basi likienda 80 kwa saa, ni saa tano. Nikaongeza moja ya chai na kuchimba dawa. Tukitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa sita tunapiga hodi. Mjomba akawaarifu wakwe, nao wakapanga pilau liive saa sita.

Saa sita kamili tulikuwa Nangurukuru.

Kwa asiyeijua njia ya Kusini, Nangurukuru ndipo wanaposhuka watu wa Kilwa, na ukifika hapo ndiyo kwanza uko katikati ya safari. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe yupo trafiki na tochi yake ya kupima mwendo. Dereva alikuwa ananyata kama anayeingia nyumbani usiku wa manane.

Simu ikaita. Baba wa binti.

"Shikamoo baba. Tumeshafika, tuko hapa Mbagala Rangi Tatu, foleni tu."

Pale pale konda akapiga kofi ubavu wa gari: "Nangurukuru hiyo! Wa Masoko, wa Kivinje, shukeni na mizigo yenu!"

Kimya. Kisha mzee akaniuliza, kwa upole kabisa: "Rangi Tatu siku hizi wanashusha watu wa Kilwa?"

Bibi mmoja wa kiti cha pili, kapakata kikapu cha ng'onda ambacho basi zima tulikuwa tunakijua kwa pua, akaomba nimwonyeshe hiyo ramani. Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mjukuu wangu, hizi kilomita za ndege."

"Ndege yupi bibi, au ndege ipi?"

"Wa mabawa, ya tiketi, wote hawapiti Lindi! Mwenye tiketi huruka saa moja tu, anakunywa chai Dar. Sisi wa lami ni kama 560."

Mjomba aligeuza shingo taratibu, mfuko wa korosho za wakwe mapajani, akanitazama. Hakusema neno mpaka Daraja la Mkapa. Tulipokuwa juu ya Rufiji ndipo akafungua kinywa, tena akimwambia dirisha: "Kabla ya 2003 hapa tulivuka kwa pantoni. Mvua ikinyesha tunalala njiani. Lakini hatukumwambia mtu tuko Rangi Tatu."

Tulibisha hodi saa kumi na moja jioni. Pilau lilikuwa limeliwa, umebaki ukoko, nao walituwekea kwa heshima zote, kwenye sinia. Kabla hata barua ya posa haijafunguliwa, mshenga wao akatangaza faini ya kuchelewa.

"Kijana, ulisema kilomita ngapi?"

"Mia nne."

"Na mmekuja ngapi?"

"Mia tano sitini."

"Basi zile mia na sitini mlizozificha, kila moja elfu."

Mjomba akanipigia kofi dogo begani. "Si una simu kubwa? Tuma."