Uzoefu wa miaka 20 si utafiti, samahani

Juzi kwenye semina ya walimu wa chekechea, mwezeshaji hajamaliza hata slaidi ya pili, akasimama mwalimu mmoja mkongwe, mtu anayeheshimika kabisa, akasema "hizo tafiti ni makaratasi tu, mimi nina uzoefu wa miaka 20, mtoto namjua akiingia tu mlangoni." Ukumbi mzima makofi. Mwezeshaji naye badala ya kumjibu akacheka-cheka akapitisha slaidi. Mi nikakunja sura mpaka chai ikaletwa, na kwa kuwa maiki haikunifikia basi nayamwaga hapa.

Uzoefu siudharau. Mwalimu aliyekaa na watoto miaka yote hiyo anajua vitu ambavyo profesa hatakuandikia, anatofautisha kilio cha njaa na kilio cha deko akiwa amewapa mgongo, anajua nani akikaa na nani vita inaanza. Heshima zake. Ila kuna kitu kimoja uzoefu hautakupa hata ukifundisha miaka 100, nacho ni yule mtoto ambaye hukumfundisha. Mtoto kaingia kwako hajui kushika krayoni, mwaka umeisha anachora, anahesabu, anasimulia hadithi ndefu haina mwisho, unasema huyu nimemtoa mbali. Sawa, lakini angebaki nyumbani mwaka uleule angekuwa wapi? Mtoto wa miaka 4 anakua jamani! Anakua ukimfundisha, na usipomfundisha anakua vilevile. Wahenga walisema awike asiwike kutakucha, na hakuna jogoo anayejisifia mapambazuko kama mwalimu wa chekechea siku ya mahafali.

Ndo maana watafiti wanahangaika kugawa watoto kwa kura, hawa wapate huduma, hawa wasipate, halafu wanawafuatilia wote. Siyo kwamba hawana kazi za kufanya. Wanamtafuta yule mtoto ambaye mimi na wewe hatuwezi kumwona.

Chukua Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 timu ya mtafiti Sally Grantham-McGregor ilichukua watoto 129 waliodumaa kwenye mitaa ya maskini ya Kingston, wa miezi 9 mpaka 24. Wakagawanywa makundi manne: wa kwanza wakapewa maziwa ya unga kila wiki, wa pili mhudumu wa afya ya jamii anakuja nyumbani saa moja kila wiki kumwonesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mwanae, tena kwa midoli ya kutengeneza kwa mikono, wa tatu wakapata vyote viwili, wa nne hawakupata hata kimoja. Miaka miwili hivyohivyo. Sasa kabla hujaendelea kusoma niambie ukweli, ungeambiwa uchague kimoja ungechagua nini? Mtoto amedumaa, yuko mbele yako, uzoefu wote wa dunia unakwambia maziwa! Na mwanzoni maziwa yalisaidia kweli. Ila miaka 20 baadaye wakawatafuta wale watoto, sasa watu wazima, wakawapata 105, na matokeo yakatoka 2014 kwenye jarida la Science: waliochezeshwa na kuongeleshwa wakiwa wadogo wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko wasiochezeshwa, wamewafikia hata wenzao ambao hawakudumaa. Maziwa peke yake? Faida haionekani tena. (Mtoto mwenye njaa mpe chakula, tusije tukaanza kubishana kwenye hilo.)

Sasa niambie mwalimu gani, nesi gani, bibi gani mwenye uzoefu wa miaka 50 angeliona hilo akiwa amekaa tu pembeni anaangalia. Hakuna. Kwanza watoto wenyewe wanahama, wanapotea, unawakumbuka wale waliofanikiwa wakarudi kukusalimia na kukuita mwalimu wangu. Waliofeli hawaji kusalimia! Halafu unaniambia uzoefu wako umekamilika.

Na ile hoja ya kwamba tafiti ni mambo ya wazungu na shule zao za kifahari, haya, hao waliokuwa wanaingia nyumba kwa nyumba Kingston walikuwa wahudumu wa jamii wa kawaida, hawana digrii ya malezi wala nini.

Nakubali, kwa shingo upande, utafiti unauma pia. Tennessee huko Marekani walifuatilia watoto karibu 3,000 walioombewa nafasi za chekechea za serikali, nafasi zikiwa chache wakachezesha bahati nasibu. Mwisho wa mwaka wa chekechea waliopata nafasi walikuwa mbele, yaani mwalimu wao alikuwa na kila haki ya kupiga vigelegele. Darasa la sita, matokeo ya 2022, wako nyuma ya wale waliokosa nafasi, na kesi za nidhamu wanazo nyingi zaidi. Ni mpango wa jimbo moja tu, siyo hukumu ya chekechea zote, na kwa nini imekuwa hivyo bado wanabishana. Lakini kusema "watoto wangu walitoka wameiva" hakujibu kitu hapo, maana ni kweli walitoka wameiva.

Wenye makosa wengine ni hawa wa upande wa pili, wa "utafiti unaonesha" bila kusema utafiti upi. Wanaowapigia vichanga muziki wa Mozart wawe na akili, ule utafiti wa 1993 wanaouegemea ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu! Na athari yenyewe ilidumu dakika chache. Hao sina muda nao leo.

Watafiti nao wapunguze kuandika kama wanaogopa kueleweka. Sentensi moja inakula nusu ukurasa, kitenzi unakitafuta kama funguo zilizopotea. Dawa yangu ni kuanzia sehemu ya mbinu, pale wanapoeleza watoto walipatikanaje, walikuwa wangapi, nani aliwagawa na walilinganishwa na nani. Kama hakuna wa kulinganishwa nao nafunga, hata hitimisho liwe tamu vipi. Majedwali yakinishinda nayaruka, narudi kesho nikiwa nimelala vizuri.