Sambusa 400 na Gari Moja la Mbio

Mimi ni dereva wa basi mjini Leicester, Uingereza. Mwaka 2019 nilikuwa nimetimiza miaka 11 barabarani bila kugonga hata paka. Nimelipitisha basi la ghorofa kwenye vichochoro ambavyo Waingereza wenyewe huvipita wamebana pumzi. Kitu cha kwanza kukigonga maishani mwangu ni friza la mke wangu. Nililigonga mara tatu mfululizo, nikiwa nyumbani kwangu, macho yangu yakitazama mbele.

Waingereza wana ugonjwa wao ambao sisi wageni tusipojihadhari hutuambukiza, nao ni kujiundia gari la mbio nyumbani. Si kulikarabati, ni kuliunda hasa. Unanunua bodi tupu na furushi la vyuma, unajifungia gerejini, mkeo anaanza kukusahau sura. Gari lililoupa ugonjwa huu sifa ni Lotus Seven, lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Zama hizo gari zima lilitozwa kodi nzito na vipande havikutozwa, mradi muuzaji asimpe mteja maelekezo ya kuviunganisha. Husimuliwa kwamba Lotus wakawapa wateja maelekezo ya kulifumua gari, na mtu mwenye akili zake akayasoma kuanzia mwisho. Kumbe ufundi wenyewe tangu asili yake ni wa kinyumenyume! Laiti ningelitia hilo maanani.

La kwangu halikuwa Lotus. Lilikuwa Nova, gari lililobuniwa na Richard Oakes na kuanza kuuzwa mwaka 1971 huko Southampton. Bodi yake ni ya faibaglasi na hukaa juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle, injini nyuma. Kwa sura ni gari la mtu mwenye visima vya mafuta, lakini chini ni Beetle lile lile lililompeleka mwalimu wako wa hesabu shuleni. Kimo chake chakufika kiunoni. Halina milango. Paa zima pamoja na vioo vyake huinuliwa kuelekea mbele, ukaingia, ukajifunika. Ni kawa, sema ukweli, na dereva ndiye wali.

Nililinunua mwaka 2016 kwa pauni 1,100 kutoka kwa mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa amelilaza gerejini kwake miaka 18. Aliniapia halijawahi kutia gurudumu barabarani. Nilipozunguka nyuma nikaona pana kiraka kikubwa kwenye faibaglasi, kama kidonda kilichopona vibaya.

"Hapa paligongwa na nini?"

Mzee akaangalia mawingu. "Ni la zamani hilo," akasema, akanipunguzia pauni 50 kabla sijaomba.

Mimi nikafurahi. Mtu wa pwani akipunguziwa bei bila kuomba anapaswa kuondoka mbio, lakini nilikuwa nimeshaona jinsi taa zake zilivyokaa.

Na nilijiamini. Ami yangu alikuwa fundi wa Volkswagen Mombasa, na bado ni mzima. Volkswagen lilishinda Safari Rally mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, na ukimsikiliza Ami utadhani alikuwemo ndani katika zote nne, hata ile ya 1953 ambayo hesabu zinaonyesha bado alikuwa akitambaa. Kila likizo nilikuwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutukanwa kwamba naimulika vibaya. Kwa ujuzi huo nikaanza kuunda gari.

Miaka mitatu hiyo sitaisimulia yote. Nitasema tu kuhusu vumbi la faibaglasi. Ukiipiga msasa bila kujifunika sawasawa, ule ni upupu wa Kizungu. Nilikuwa nakwenda kazini nikijikuna hadi abiria wakawa hawakai viti vya mbele. Na ile gundi yake inanuka duka zima la rangi za kucha, ikapenya ukutani hadi chumbani, mke wangu akawa anafukiza udi kila jioni kana kwamba kuna harusi isiyokwisha. Majirani wa upande wa kulia walidhani ni dini. Jirani wa kushoto, babu wa Kiingereza aliyestaafu, yeye alijua ni gari. Alikuja kila Jumamosi na kikombe chake cha chai, akasimama kwenye uzio, akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka.

Injini niliifungua nikaifunga. Breki zikawa mpya zote, na hili naomba likumbukwe, breki zangu zilikuwa nzuri. Giaboksi sikuigusa. Ilikuja imeshafungwa na mwenyewe, safi, imepakwa rangi, nikasema kizuri hakifumuliwi.

Mwezi wa tatu 2019 nikaliinua gari juu ya jeki, nikaliwasha, nikatia gia ya kwanza. Magurudumu ya nyuma yakazunguka! Nilitaka kulia. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa amechutama pembeni ameshika tochi, maana urithi ni urithi.

"Baba, mbona yanazunguka kurudi nyuma?"

Nikamweleza kwa upole kwamba macho hudanganya. Nikamkumbusha magurudumu ya magari kwenye sinema, yanavyoonekana kama yanarudi nyuma ilhali gari linakwenda mbele. Sayansi hiyo, mwanangu. Akanitazama, akatazama gurudumu, akanyamaza. Alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililoniponza.

Sasa njoo kwenye friza. Gereji ya nyumba za huku kwa kawaida haina gari. Ina baiskeli mbovu, makopo ya rangi na friza. Friza letu lilikaa ukuta wa nyuma, na juu yake pana rafu yenye gunia la mchele wa basmati la kilo 20. Ilikuwa Shaaban. Mke wangu hutengeneza sambusa za kuuza Ramadhani, na wiki tatu nzima alikuwa amekunja usiku kwa usiku. Friza lilikuwa na sambusa 400, zimepangwa mifukoni kumi kumi, nyama upande huu, mboga upande ule. Zilikuwa zimeshalipiwa.

Gari lilikuwa limetazama nje. Mbele yake mlango wa gereji uko wazi, kisha kijia cha nyumbani, kisha barabara. Sikuwa na nia ya kufika barabarani, maana gari la kujiundia lazima likaguliwe kwanza. Nilitaka mita tano tu, litoke gerejini lione jua. Familia ikajipanga pembeni ya kijia. Babu wa jirani yuko kwenye uzio na chai yake. Nikajifunika kawa langu, nikafunga komeo, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu kama mtu aliyefundishwa kazi.

Tukaenda nyuma.

Hatukwenda mbali. Mlio wa faibaglasi ikikutana na friza ni kama wa mtu kukalia debe la biskuti. Rafu ikaachia, na gunia la mchele likatua juu ya paa, upande wa kisogo changu. Kawa chini, mchele juu. Kumbuka paa hilo hufunguka kwa kuinuka nyuma kwenda mbele. Nikajaribu kulisukuma. Halikutikisika.

Nikajiambia, tulia, umetia rivasi kwa bahati mbaya. Kwenye Beetle rivasi haiingii hivi hivi, unakandamiza rungu la gia chini, kushoto, kisha nyuma, kwa hiyo haiwezekani kuitia bila kujua. Lakini mtu aliyegonga friza hachambui. Nikahakikisha kwa mkono niko mbali na rivasi, nikatia ya pili.

Tukaenda nyuma tena, kwa nguvu zaidi. Sasa friza likabanwa ukutani na mfuniko wake ukafyatuka. Kiraka kile cha nyuma kikapasuka palepale, na sambusa zikaanza kumiminika kwenye injini. Bomba za moshi za Volkswagen hupata moto haraka. Kwa nyuma hata sioni, dirisha la nyuma la Nova ni la jina tu, nasikia harufu ya kitunguu na bizari nadhani ni wasiwasi. Nikaona midomo ya mwanangu inasema kitu. Baadaye alinieleza: "Nilisema, Baba, sambusa zinaungua."

Ya tatu, mtanisamehe, sina maelezo. Friza likalia mara ya mwisho, injini ikazimika.

Kimya. Mke wangu akaja polepole, akazunguka gari, akaangalia nyuma, akarudi. Akainama kwenye kioo cha ubavuni, uso wake na wangu vikatazamana kama samaki na mnunuzi.

"Umeshafika," akauliza, "au bado uko njiani?"

Nikamwashiria aondoe gunia. Akaangalia gunia. Akaangalia sambusa. Akarudi kusimama pale alipokuwa, akakunja mikono.

Basi nikaanza kupiga hesabu za mtu aliyefungiwa. Nikasema rungu la gia limehama, kila gia imekaa mahali pa mwenziwe, na mahali pekee ambapo sijajaribu ni rivasi. Nikaliwasha. Chini, kushoto, nyuma. Nikaachia klachi huku nimefumba jicho moja.

Likaenda mbele! Taratibu, kwa heshima, kama bibi harusi. Tukatoka gerejini, mimi, gunia juu, na mkia wa sambusa zinazofuka moshi. Watoto wakapiga makofi. Nikawapita nikiwapungia mkono, nikaona pipa la taka linakuja, nikakanyaga breki.

Nilisema breki zangu nzuri. Gari likasimama papo hapo na gunia halikusimama. Likateleza juu ya kioo cha mbele, likaanguka kwenye pua ya gari, likapasuka. Kilo 20 za basmati zikamwagika kijia kizima. Babu wa jirani, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akinitikisia kichwa tu, akainua kikombe chake juu. Kwao mchele humwagiwa maharusi. "Hongereni!" akasema.

Usiku ule, mke wangu ananiongelesha kupitia watoto, nikampigia Ami simu ya video. Mombasa ilikuwa imeshapita saa tano usiku, akapokea na kofia ya kulalia. Nikamweleza kwa kunong'ona.

"Ukitia ya kwanza linarudi nyuma?"

"Ndiyo, Ami."

"Ya pili?"

"Nyuma."

"Na rivasi linakwenda mbele."

"Ndiyo."

Akaiweka simu chini. Nikawa naona dari ya Mombasa na pangaboi linazunguka, na kwa mbali nasikia mzee wa miaka karibu 70 anacheka hadi anakohoa. Alipoirudia simu machozi yanamtoka.

"Mwanangu, hiyo ni giaboksi ya Kombi! Kombi la zamani, basi dogo la Volkswagen."

Akanieleza huku akichezesha ngumi mbili kama magurudumu ya meno. Kombi za mpaka mwaka 1967 zilikuwa na jozi ya ziada ya meno kule kwenye kila gurudumu la nyuma, ili gari liwe juu na livute mzigo. Meno mawili yakikamatana, moja likizunguka kulia jingine huzunguka kushoto. Kwa hiyo kiwandani, ili Kombi lisitembee kinyumenyume, waliligeuza kraunwili, lile gurudumu kubwa la meno linalozungusha ekseli, likakaa upande wa pili ndani ya difu, yaani pale nguvu ya injini inapogawiwa magurudumu mawili. Ukiichukua giaboksi hiyo ukaivua yale meno ya magurudumuni na kuivisha ekseli za Beetle, ndipo unapopata gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

"Kwa nje inafanana?"

"Asiyejua hatambui. Hukutazama linazunguka upande gani ulipolitia jeki?"

Nikasema mwanga ulikuwa hautoshi.

"Tochi alishika nani?"

Nikaaga.

Dawa yake si kubwa ukishaijua. Giaboksi inashushwa, difu inatolewa, inageuzwa, inarudishwa, na zile pete nyembamba za kupimia nafasi zinapangwa upya kwa subira. Ilinichukua wikendi nne, maana usiku wa katikati ya wiki nilikuwa na kazi nyingine. Mke wangu alikuwa ameniwekea meza, kisu, manda na karai la nyama. Sambusa 400 zilikuwa zimelipiwa, na wateja hawajui difu. Za kwanza nilizokunja zilikuwa na pembe nne. Friza bado linagandisha, ila mfuniko tunaufunga kwa mkanda wa mizigo.

Siku gari lilipokwenda mbele kwa gia ya kwanza nikamkumbuka yule mzee aliyeniuzia, na kiraka chake. Nikampigia. Nikamweleza Kombi, meno ya magurudumu, kraunwili, kila kitu. Akanyamaza kwa muda mrefu sana, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe."

"Miaka yote hii mke wangu ananiambia niliingiza rivasi." Nikasikia kiti kinasukumwa, hatua zinakwenda, mlango unafunguliwa. Kisha sauti yake, ya mbali, inaita kwa nguvu ambazo sikujua anazo: "Margaret! Margaret, njoo hapa! Kuna mtu kwenye simu!"