Tabopropu yako si mbovu, angalia leva kwanza

Kila tabopropu mpya ya nyongeza (ndege ambayo injini yake ya tabaini huzungusha pangaboi) inapotoka kwa ajili ya simuleta ya ndege, malalamiko hayakawii. Injini haiwaki. Au inawaka, lakini joto linapanda mpaka geji inakuwa nyekundu. Ndege ikiwa chini inakimbia yenyewe, ikianza kuruka inavuta kushoto, ikifika angani inazimika ghafla. Na jibu linalotangulia mengine yote ni lilelile: fungua engines.cfg, faili la namba za injini, badilisha namba fulani, hifadhi, umemaliza.

Jibu hilo silikubali. Sisemi mafaili hayana makosa. Zipo ndege za nyongeza zilizoingizwa sokoni zikiwa nusu mbichi. Ninachosema ni kwamba faili la injini ndilo mlango wa mwisho wa kubisha hodi, na watu wanaubisha wa kwanza. Wengi wanatibu ndege nzima kwa sababu ya joistiki iliyopangwa vibaya, au kwa sababu hawajui injini ya aina hii inavyofanya kazi.

Tuanze na injini, maana hapa waliotoka kwenye pistoni na waliotoka kwenye jeti wanateleza pamoja. Tabopropu nyingi tunazorusha zina PT6 ya Pratt & Whitney Canada, injini iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na ambayo bado inaundwa. Ndani yake mna tabaini mbili zisizoshikana kwa shafti. Moja huzungusha kompresa, nyingine huzungusha pangaboi kupitia giaboksi, na kinachoziunganisha ni hewa ya moto tu. Ndiyo maana unaweza kuona asilimia za kompresa zinapanda huku pangaboi bado limezubaa. Si hitilafu. Subiri kidogo.

Leva nazo zina kazi tofauti na ulizozoea. Leva ya nguvu huamuru kompresa. Leva ya pangaboi huamuru mizunguko ya pangaboi. Leva ya mafuta, ambayo simuleta nyingi zimeipachika kwenye mhimili (njia ya leva) uleule wa mchanganyiko wa hewa na mafuta wa pistoni, hufungua mafuta na kuchagua silensa, yaani mwendo wa injini ikinguruma bila kusukumwa, ya chini au ya juu. Chukua Cessna 208B Grand Caravan yenye PT6A-114A. Unawasha stata, unasubiri kompresa ifike angalau asilimia 12, ndipo unasogeza leva ya mafuta kwenye silensa ya chini. Joto linaruka kwa namna ya kutisha kisha linashuka; kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi. Kompresa ikifika asilimia 52 hivi, unazima stata. Mtu wa pistoni anasukuma leva ya mafuta mbele kabisa kabla hajagusa stata, halafu anashangaa moto. Mafuta yameingia wakati hewa bado ni ndogo, joto halina pa kwenda. Simuleta imefanya kazi yake sawasawa. Betri dhaifu huleta matokeo hayohayo, kwa kuwa stata inashindwa kuizungusha kompresa kwa kasi inayotakiwa. Kwenye TBM 900 ya HotStart, ile ya simuleta ya X-Plane, ukiiunguza injini namna hiyo uharibifu unabaki hata ukifunga simuleta na kuifungua tena. Ningependa ndege zote za nyongeza ziwe na adabu hiyo.

Kuna mambo mengine mawili yanayoripotiwa kama ubovu na siyo. La kwanza: ukizima PT6, mapanga hujigeuza yakakaa kwa ubavu, yakipasua upepo badala ya kuusukuma. Shinikizo la oili limepotea, springi na vizito vimeyarudisha hapo. Kwenye TPE331 ya Garrett, injini nyingine ya tabopropu ambayo ina shafti moja kutoka kompresa hadi giaboksi, mapanga hufungwa yakiwa bapa ili injini isilemewe wakati wa kuwashwa. Kwa hiyo ukiona ndege yenye TPE331 imeegeshwa mapanga yake hayafanani na ya King Air, ndege ya injini mbili ambayo kwa kawaida hutumia PT6, msanifu hakukosea. La pili ni ATR, tabopropu za abiria. Ndege hizi hazina injini ndogo ya kuzalisha umeme kule mkiani; zinatumia injini ya kulia ikiwa pangaboi lake limefungwa kwa breki, injini inawaka na pangaboi limetulia. Ukiingia kwenye ATR ikiwa katika hali hiyo, usikimbilie kuifuta na kuisakinisha upya. Tafuta swichi ya breki ya pangaboi.

Kipo kipimo kimoja ninachokipenda cha kujua kama mtengenezaji ameielewa PT6 kweli. Ukiwa angani umetulia, usiguse leva ya nguvu. Rudisha taratibu leva ya pangaboi kutoka mizunguko 1,900 kwa dakika hadi 1,700. Torki, yaani nguvu ya kusokota shafti, inatakiwa ipande, na kompresa isitikisike sana. Sababu ni hesabu tu: nguvu za farasi ni torki ya futi-pauni mara mizunguko, gawanya kwa 5,252. Caravan ikiwa na torki 1,865 na mizunguko 1,900 unapata 675 hivi, ambazo ndizo nguvu zake zilizoandikwa. Nguvu ikibaki palepale mizunguko ikapungua, torki haina budi kuongezeka. Ukiona kompresa inashuka pamoja na pangaboi kana kwamba zimefungwa kamba, hapo sasa una haki ya kulalamika, kwa sababu ndege imeundwa kama yenye shafti moja. Na hata hapo, hakuna namba moja ya kwenye faili itakayokuponya.

Sasa tuje kwenye joistiki, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Simuleta nyingi, ukichomeka kifaa kipya, zinakipangia kazi zenyewe bila kukuuliza. Unachomeka pedeli mpya, na mhimili wa breki ya mguu wa kushoto unajikuta umepewa kazi nyingine kabisa. Au leva moja imepangiwa kazi ileile kwenye vifaa viwili, kila kimoja kinatuma namba yake, na ndege inamtii aliyesema mwisho. Kwenye pistoni unaweza usione kitu zaidi ya mtetemo mdogo. Kwenye tabopropu, mhimili wa mchanganyiko ukiruka hadi sifuri kwa nukta moja tu, mafuta yamefungwa na injini imekufa. Ndiyo maana ya ile "inazimika angani bila sababu". Leva iliyochakaa ndani, inayorukaruka hata usipoigusa, inafanya vilevile.

Namna ya kujua ni rahisi na inaudhi. Chomoa vifaa vyote, washa ndege kwa kibodi na kipanya peke yake, iache ikinguruma chini kwa muda. Ikikaa vizuri, ndege haina kosa. Rudisha kifaa kimoja kimoja, ukifuta kazi zote usizozihitaji kabla ya kuendelea. Mhimili wa mafuta mimi nashauri usiwe mhimili kabisa: weka vitufe vitatu, cha kufunga, cha silensa ya chini na cha silensa ya juu. Leva halisi ya Caravan ina vituo hivyohivyo, hupotezi chochote.

Halafu kuna suala la ndege kukimbia yenyewe ikiwa chini. PT6 kwenye silensa bado inasukuma vya kutosha kukufikisha mwendo usioutaka, na rubani wa kweli hakai na mguu kwenye breki. Anarudisha leva ya nguvu nyuma ya silensa, kwenye eneo la beta, ambako mapanga hulala bapa na msukumo hupungua. Akiendelea nyuma zaidi anapata msukumo wa kinyume. Joistiki nyingi za bei nafuu hazina eneo hilo. Leva ikigonga chini, ni silensa, basi. Ukiwa na programu ya kupangia leva kama FSUIPC, unaweza kukata sehemu ya chini ya mwendo wa leva ukaifanya beta na kinyume, ukaweka alama ya tepu mahali silensa inapoanzia ili mkono ujue. Baadhi ya ndege za nyongeza zina ukurasa wao wa kufanya hivyo, na nyingine zinataka kitufe. Yeyote asiyejua hili huenda kwenye faili akapunguza msukumo wa silensa, na baadaye anakuja kuuliza mbona ndege inaanguka kama jiwe akivuta leva wakati wa kutua.

Kuvuta kushoto nako, jamani. Pangaboi kubwa linalozunguka kwa mwendo wa saa ukilitazama kutoka kitini, nguvu mia kadhaa za farasi, pua imeinuka: lazima livute kushoto. Kanyaga pedeli ya kulia, weka trimu ya usukani wa mkia kabla ya kuondoka, sukuma leva polepole. Kwenye Microsoft Flight Simulator flight_model.cfg ina namba za kufuta mvuto huo kabisa, na wapo wanaozifuta. Sielewi kwa nini mtu wa namna hiyo asirushe tu jeti.

Matatizo ya usakinishaji nitayapitia haraka kwa sababu hayahitaji falsafa. Ndege haionekani kwenye orodha: kwenye Microsoft Flight Simulator fungua folda ya Community uone kama hukuweka folda ndani ya folda, layout.json, yaani orodha ya mafaili ya ndege, inatakiwa ionekane mara tu unapofungua folda ya ndege. Umeongeza rangi mpya na haionekani: layout.json haijaorodhesha mafaili mapya, na kisichoorodheshwa hakisomwi. Kwenye FSX, yaani Microsoft Flight Simulator X ya zamani, kosa la kawaida ni namba za [fltsim.0], [fltsim.1] na kuendelea, ukiruka namba, zinazofuata hazionekani, na ukiweka title (jina la ndege) mbili zinazofanana unajitafutia ugomvi. Geji za zamani za .gau zilizotengenezwa kwa FSX, ambayo ni ya biti 32, hazitawaka kwenye simuleta ya biti 64 hata ufanye nini. Kwenye X-Plane soma Log.txt kabla ya kuuliza mtu. Mara nyingi jina la plagini iliyoangusha simuleta limeandikwa hapo mwishoni.

Umepita kote huko na ndege bado ni nzito kuliko inavyopaswa, au inakwenda kasi ambayo ndege halisi haijawahi kuota. Sawa, sasa fungua faili. Lakini uwe na jedwali la utendaji la ndege yenyewe pembeni. Weka hali ya hewa ya kawaida bila upepo, uzito uleule wa kwenye jedwali, urefu uleule, torki na mizunguko ileile, kisha acha ndege itulie kabla ya kusoma mwendo. Bila hivyo hupimi, unabahatisha.

Kinachofuata ndicho wengi wanachokosea. Mwendo ukiwa mdogo, mkono unakwenda wenyewe kwenye power_scalar, namba inayozidisha nguvu ya injini. Ukiiongeza, mwendo unapatikana, na umeharibu kila kitu kingine: mwendo wa kupanda, matumizi ya mafuta, urefu wa njia unaohitajika kuruka. Kama torki na joto vinasoma sawa na jedwali na mwendo ndio mdogo, injini haina kosa, kosa lipo kwenye ukinzani wa hewa, yaani parasite_drag_scalar, au kwenye thrust_scalar ya pangaboi. Kama ni mafuta tu yanayoisha mapema, gusa fuel_flow_scalar na usiguse kingine. Kama msukumo wa kinyume ni hafifu, angalia min_throttle_limit na minimum_reverse_beta. Namba moja kwa safari moja. Na kumbuka kwamba ukipanda juu, torki hushuka yenyewe mpaka ufike mahali joto ndilo linalokuzuia. Hiyo ni tabia ya injini, usiisahihishe.

Kwenye ndege zilizonunuliwa katika duka la ndani ya simuleta, mafaili haya mara nyingi yamefungwa, huwezi kuyafikia. Kusema kweli hilo haliniumizi sana.

Marekebisho ninayoyaunga mkono bila masharti ni yale yasiyogusa fizikia: kushusha kamera hadi urefu wa macho ya rubani, kupunguza mng'ao wa vioo vya geji, kubadilisha sauti ya pangaboi kwa ndani. Sauti hasa. Tabopropu nyingi za nyongeza zinalia kama kifyonza vumbi, na ukipata seti nzuri ya sauti utarusha kwa masikio kama marubani wanavyofanya, ukijua mizunguko imebadilika kabla ya kutazama geji.

Kuhusu kugawiana mafaili yaliyorekebishwa, mimi sipakui faili zima la mtu, hata akilisifu vipi. Kwa ndege ya kulipia ni kusambaza kazi ya mwenyewe bila ruhusa. Nataka mistari iliyobadilishwa, namba ya zamani na mpya, uzito na urefu aliopimia. Hata namba zangu naziandika hivyo, kwa sababu sasisho likija litafuta kila kitu, na nikiwa narudisha huwa napima upya kwanza. Mtengenezaji akishalipunguza lile kosa la ukinzani kwa upande wake nami nikabandika namba yangu ya zamani juu yake, nitakuwa na Caravan inayokimbizana na King Air.