Nilimfundisha mbwa, wakafuzu kuku

Jamani mbwa anafundishika, hilo sibishi, ila hakuna mtu aliyeniambia kwamba wakati unamfundisha mbwa kuku nao wako pembeni wanasikiliza.

Bosi aliletwa nyumbani bado mtoto, masikio makubwa kuliko akili, na pale uani kuna kuku wa mama wanaozurura toka asubuhi mpaka jioni, hakuna fensi hakuna nini. Mama akanionya mara moja tu, "Mwanangu, siku huyo mnyama wako akigusa kuku wangu mtahama wote wawili." Na hatanii, kuku wake wote wana majina na hata siku moja hakosei, mimi kuniita mpaka ataje kwanza ndugu zangu wote ndio afike kwangu.

Kaka yangu akaja na ushauri wa kizamani, eti subiri aue kuku mmoja halafu umfungie ule mzoga shingoni akae nao mpaka uoze, atachukia kuku maisha yake yote. Sasa kaka, kwanza hapo inabidi kuku afe ndio somo lianze, pili mbwa ni kiumbe ambaye akikuta mzoga njiani anajigaragaza juu yake kwa raha zake, wewe unadhani umemwadhibu kumbe umempaka pafyumu. Nikaachana naye.

Nikaenda na njia ya kistaarabu. Unajua mara nyingi mbwa hamkimbizi kuku kwa sababu ya njaa, kinachomwasha ni zile mbio na mapapatiko, kuku akipiga mabawa tu basi kichwa kinazima miguu inawaka. Kwa hiyo kwanza unamtembeza mpaka nguvu zipungue, unamfunga kamba, unakaa naye mbali, awaone kuku ila bado aweze kukusikia wewe. Akiwakodolea unamwambia "Acha!", akigeuza uso tu kukutazama, papo hapo kipande cha ini mdomoni. Akitulia unasogea kidogo, akipandisha mori unarudi nyuma, na kamba huachii hata kama ameanza kukuonyesha sura ya mchungaji wa kanisa. Inachosha balaa lakini inafanya kazi, Bosi alifika hatua kuku anachakura mbele ya pua yake na yeye ananitazama mimi kwa heshima zote, mate yanamchuruzika.

Tatizo si kila kipande kilikuwa kinaingia mdomoni. Vingine vilikuwa vinaanguka, na kuku nyama anakula tena anaigombania, asikudanganye mtu kwamba yeye ni wa nafaka tu. Akaanza Bi Mkubwa, ndiye kiongozi wao, nikisema "Acha!" ananyanyua shingo. Halafu akawa anasogea. Halafu akaja na wenzake. Mimi huku nimejaa furaha, nasema ona jamani mpaka kuku wenyewe wameshamwamini Bosi!

Basi siku ikafika ya kuonyesha kazi, mama yupo kibarazani na shangazi na kaka, na mimi nina maini mfuko wa suruali. Bosi katulia, kakaa chini vizuri kabisa, kuku wako kule mwisho wa uwanja wala hawana habari naye. Ningeishia hapo ningepigiwa makofi. Lakini nikataka wasikie amri, nikavuta pumzi nikatoa sauti nzito, "ACHAAA!"

Aisee. Kuku wa uwanja mzima walikuja kwa pamoja, wengine wanakimbia wengine wanaruka, na wote wanamlenga Bosi kwa sababu wanajua ini linaangukia hapo. Bosi masikini akageuza uso kunitazama kama alivyofundishwa, jogoo akampitia mgongoni, Bi Mkubwa akarukia mfuko wangu, bawa likamchapa Bosi puani, hapo uvumilivu ukaisha. Kamba ikanizunguka miguu, nikaenda chini mzima mzima, uso ukatua kwenye chombo cha maji ya kuku ambacho maji yenyewe yalishakuwa nusu kinyesi. Nainua kichwa, Bosi kasimama mdomo umejaa manyoya ya mkia, na Bi Mkubwa kalala chali, miguu juu, kakakamaa.

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe, Bi Mkubwa alikuwa kuku mwema, alikuwa..." Mama hajibu. Shangazi ndiye aliyejibu, na ana roho ngumu yule mama, akasema, "Acha kulia, wekeni maji jikoni tumnyonyoe kabla hajapoa."

Marehemu akafumbua jicho.

Akajigeuza, akasimama, akajikung'uta, akaja moja kwa moja mfukoni kwangu kutafuta ini, mkia hana hata unyoya. Kumbe kuku ndivyo alivyo, akishikwa na adui anaachia manyoya ili achomoke, akishindwa anakakamaa anajifanya amekufa mpaka hatari ipite. Mimi nimeomboleza bure. Na shangazi bila kujua alikuwa ametamka neno la nyama!

Bosi nimembadilishia amri, siku hizi namwambia "Geuka" kwa kunong'ona, na kamba haitoki mpaka akili ikomae, wengine hufika miaka 2 ndio unaweza kuwaamini. Mkia wa Bi Mkubwa unaota upya. Ile amri ya zamani kaichukua mama, ikifika jioni anasimama mlangoni kwa banda na kibakuli chake anapaza sauti, "Acha! Acha! Acha jamani!", na kuku wote wanaingia kulala. Juzi jirani kaja mbio na rungu mkononi anahema, "Mama yuko wapi, nani anampiga?", na mama bila kugeuka akamwambia, "Baba, sogea hapo mlangoni, unawazibia njia."